Edward Saidi Tingatinga: tumkumbuke kama mwalimu, siyo mchora simba peke yake

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Ukipita Mji Mkongwe Zanzibar, Mwenge, masoko ya vinyago Arusha, hata madukani viwanja vya ndege, utaziona zile picha: simba mwenye macho ya duara, twiga waliopinda shingo, ndege wa rangi zinazowaka, nukta kila mahali. Sote tunaziita tingatinga. Nimekutana na vijana wengi, wengine wamesoma vizuri tu, hawajui kwamba hilo ni jina la mtu. Mtu aliyezaliwa kusini, akafanya kazi za ndani kwa Wazungu, akaoa, akazaa, akauawa kwa risasi Dar es Salaam. Na kabla hajafa alifanya jambo ambalo kwangu mimi linazidi picha zake zote. Aliwafundisha wenzake.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, siku hizi Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Baba yake alikuwa Muislamu na mama yake Mkristo, na jina lake limewabeba wote wawili. Shule alisoma miaka michache tu. Tunduru ya wakati ule, kijana akitaka fedha ya kodi na nguo ilikuwa lazima aage nyumbani, na wengi walielekea mashamba ya mkonge Tanga. Naye akaenda huko. Kuelekea mwaka 1960 akahamia Dar es Salaam, akawakuta ndugu waliotangulia, akapata kazi nyumbani kwa Mzungu: kufagia, kufua, kumwagilia bustani.

Kuchora alianza mwaka 1968, umri wake miaka 36. Hakuna aliyempeleka chuo wala aliyempa udhamini. Alinunua hadibodi, zile za kuzibia dari, na rangi ya mafuta ya kopo, ile ile ambayo mafundi walikuwa wakipaka baiskeli. Bao zima la futi 4 kwa 8 ukilikata futi mbili mbili unapata vipande 8 vya mraba, sawasawa bila kubakiza kitu. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo zina kimo cha sentimita 60 kila upande. Mtu wa mshahara mdogo alipiga hesabu ya mbao, na hesabu hiyo ikawa umbo la sanaa nzima.

Tazama picha yake ya mwanzo ukiipata. Nyuma rangi moja au mbili tu. Mbele mnyama mmoja anajaza mraba wote, chui au tembo au ndege, pengine na mti mmoja. Nukta ni chache na ziko pale zinapotakiwa. Hakuna msongamano unaouona kwenye picha za leo. Mnyama anakutazama na wewe unamtazama, basi.

Picha zilipelekwa Morogoro Stores, Oysterbay, duka ambalo wageni wengi walikuwa wakifanya manunuzi: mabalozi, wataalamu wa misaada, wake zao. Mkewe Agatha alishiriki kuziuza. Zilikuwa rahisi, mtu anabeba moja kwapani na mboga zake anaondoka. Baadaye Edward akapata ajira Muhimbili, mhudumu wa wodi, akawa anachora akitoka kazini. Kisha kampuni ya sanaa iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, ikaanza kununua kazi zake, na hapo ndipo mambo yakaanza kunyooka.

Sasa sikilizeni. Mtu aliyetoka kwenye dhiki akapata mlango mdogo wa riziki, wengi wetu tungeufunga nyuma yetu haraka. Yeye aliita watu. Walikuja ndugu na watu wa kwao, vijana wasio na kazi wala vyeti, wakakaa naye nyumbani Msasani wakajifunza. Majina yanayojulikana ni pamoja na Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walianza kwa kumsaidia, wakishika brashi kwa kuiga alichofanya yeye, mpaka mkono ukakubali.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, kwa kumdhania mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Aliacha mjane na watoto.

Kwa kawaida habari ingeishia hapo. Haikuishia, kwa sababu ufundi haukuwa mikononi mwake peke yake. Wale vijana waliendelea, wakaita na wao ndugu zao, hao wakaita wengine. Baadaye wakaunda umoja, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika kinachobeba jina lake, pale pale Oysterbay. Fikirini ni nyumba ngapi zimejengwa, ada ngapi zimelipwa, kutokana na baraza la mtu mmoja.

Naleta uzi huu ili tumkumbuke hivyo. Wenye habari za wazee wenu waliopitia njia hiyo, karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana mleta mada. Mimi ni mtu wa Tunduru, naomba niongeze kidogo.

Watu huandika kwamba alianza kuchora kama vile jambo lilidondoka kutoka mawinguni. Huku kwetu, kwa Wamakua, na ng'ambo kidogo kwa Wamakonde, ukuta wa nyumba ya udongo ulikuwa unachorwa. Nilimwona bibi yangu akifanya kazi hiyo baada ya mavuno. Anakandika ukuta upya, anauacha unyauke, halafu anachukua udongo mweupe aliouloweka kwenye kibuyu, mkaa uliotwangwa, na udongo mwekundu. Anachora kwa vidole na kwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kimekuwa kama brashi. Kuku, nyoka, mtu ana jembe, pembeni mistari na nukta. Mvua ikija inafuta, mwaka unaofuata anachora vingine.

Wapo waliosoma habari hizi wanaosema mizizi yake ni huko kwenye kuta. Wapo pia wanaotaja wachoraji kutoka Kongo waliokuwa wakiuza picha Dar miaka ya sitini, kwamba aliwaona akajisemea hata mimi naweza. Mimi sioni ugomvi hapo. Alikuja mjini na jicho la nyumbani, mjini akakuta kwamba picha inaweza kuuzwa.

Na kuhusu kuita watu, kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ukipata mjini unaulizwa, "Umemwita nani?" Si unaulizwa umejenga nini.

Mchangiaji wa pili

Wakuu mnisamehe nikienda kinyume. Mzee apumzike kwa amani, na kifo chake kinauma. Lakini naona tunapamba. Picha za tingatinga ninazoziona leo zote ni zile zile. Pundamilia watano, Kilimanjaro nyuma, mbuyu pembeni, jua linazama. Duka hili na duka lile huwezi kutofautisha mkono wa nani. Zinachorwa kwa ajili ya mtalii tu, Mtanzania haziweki sebuleni kwake. Sanaa gani hiyo ambayo wenyewe hatuinunui? Na kama aliwafundisha watu kunakili, basi alicholeta ni kiwanda.

Mleta mada

Mkuu, hoja yako naiheshimu na sitaipita juu juu.

Ni kweli soko limejaa marudio. Ni kweli pia kwamba tangu siku ya kwanza mnunuzi alikuwa mgeni. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ni Mswahili gani wa Msasani alikuwa na fedha ya kununua picha ya ukutani? Alichora kile ambacho kingemletea mchele. Sioni aibu ndani yake. Wachonga vinyago wa Kimakonde nao walinunuliwa na wageni, na hakuna anayethubutu kusema vinyago vile si sanaa.

Ila hapo kwenye kunakili ndipo sikubaliani nawe hata kidogo. Seremala anajifunza kwa kuiga kiti cha mwalimu wake. Mshona viatu vilevile. Fundi wa ngoma anaiga mpigo wa mzee mpaka siku anapopata wake. Ndivyo ufundi unavyorithishwa kwetu. Unataka kujua nani aliyebaki kwenye kuiga na nani aliyetoka? Kaa na picha za Mtalia, kisha za Linda, kisha za Mpata. Kila mmoja ana mkono wake, hata asiyesoma sanaa anaona. Waliokuja baadaye wakaleta mambo ambayo Edward hakuyachora sana: mashetani yaliyotoka kwenye uchongaji wa Kimakonde, picha za soko, za hospitali, za harusi, za kijiji kizima na kila mtu na shughuli yake. Kuna picha za hospitali unaweza kukaa nusu saa unasoma foleni ya wagonjwa. Hizo ni habari zetu, zimeandikwa kwa rangi.

Marudio unayoyaona madukani yanatokana na njaa na bei. Mchoraji anayelipwa kidogo kwa kila picha lazima achore nyingi, na nyingi haziwezi kuwa tofauti. Tukitaka zibadilike, tununue sisi wenyewe. Nakubaliana nawe kabisa kwamba sebuleni kwetu hazipo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma huku machozi yananilenga. Baba yangu alikuwa mchoraji wa mtindo huu, hakuwa kizazi cha kwanza, aliitwa Dar na binamu yake miaka ya themanini. Jina lake sitalitaja, mwenyewe hakupenda makuu.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana watu huona picha imekwisha tu. Asubuhi anapiga rangi ya chini vipande vingi kwa mkupuo, anavipanga ukutani kama wanafunzi mstarini. Rangi ile haikauki upesi. Unasubiri mpaka kesho yake, na kama kuna mvua unasubiri zaidi. Ukigusa kabla, umeharibu. Adui mkubwa walikuwa wadudu: usiku wanafuata taa, wanatua kwenye rangi mbichi, asubuhi unakuta mbu kaganda kwenye anga la buluu. Mama alikuwa anafunika picha kwa chandarua kilichochanika, sisi watoto tunalala bila chandarua. Siku ya pili anachora umbo la mnyama, siku ya tatu anaingiza rangi za ndani. Nukta ndiyo kazi ya mwisho.

Hizo nukta ndizo zilizotusomesha, na ndizo tulizozifanya sisi wenyewe. Tukitoka shule, baba anatugawia: wewe mkia wa kanga, wewe manyoya ya tausi. Tulitumia njiti ya kiberiti, unachovya kidogo tu, unagusa, unainua moja kwa moja. Ukiburuta, nukta inakuwa mkia, na baba anaona toka mlangoni. Hakuwa anapiga. Alikuwa anachukua kitambaa chenye tapentaini, anafuta ile moja, anakurudishia njiti.

Oda kubwa ikija aligawana na wenzake. Hakuna aliyekuwa anashika oda peke yake na huku jirani yake hajauza wiki nzima. Niliwahi kumuuliza kwa nini asichore mwenyewe taratibu apate zote, akanijibu, "Na mimi niligawiwa." Sikuelewa wakati ule alimaanisha nani. Leo nikisoma uzi huu naona mnyororo ulivyoanzia mbali.

Siku hizi wengi wamehama hadibodi, wanachora kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, kwa sababu mgeni anataka kuikunja aiweke kwenye begi. Baba hakukipenda kitambaa. Alisema kinakunywa rangi.

Mleta mada

Dada yangu, Mungu akubariki. "Na mimi niligawiwa." Ningejua habari hii mapema ningeanza nayo uzi.

Mchangiaji wa nne

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Ninawasoma nikiwa Nairobi na ninataka kuwakumbusha kwamba huyu mzee ana wajukuu wa sanaa huku kwetu pia. Simon Mpata mliyemtaja alivuka akaja kufanya kazi Kenya, na picha zake zilipendwa sana na Wajapani. Kule Maasai Mara kuna hoteli inaitwa Mpata Safari Club, imepewa jina lake. Watu wanalala pale, wanakula pale, na wengi hawajui kwamba Mpata alikuwa kijana aliyefundishwa kwenye kibaraza cha Msasani. Wanyama wake ni warefu, wamenyooka, wametulia, wana macho kama wanakuuliza jambo. Mimi nikiona picha yake naijua kabla sijasoma sahihi.

Hivyo yule ndugu aliyesema ni kunakili tu, ninaomba atafute kazi za Mpata kwanza.

Mchangiaji wa pili

Nimezitafuta jana usiku, kaka. Za Mpata na za Linda. Nakubali kwamba nilikuwa nikizungumzia maduka, wala sikuwa nikiwazungumzia wale wa mwanzo. Msimamo wangu kuhusu maduka haujabadilika. Lakini nina swali la haki kabisa: familia ya mzee inapata nini? Jina liko kwenye vikombe, fulana, mifuko, vitabu vya watoto, dunia nzima. Nani analipwa?

Mchangiaji wa tano

Hili naweza kulijibu kidogo, nimefanya kazi upande wa hakimiliki.

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mzee amekufa 1972. Pigeni hesabu: ulinzi wa picha alizochora kwa mkono wake ulifika mwisho kwa kumalizika mwaka 2022. Tena kwa sehemu kubwa ya muda huo familia haikuwa na mtu wa kuidai haki, wala sheria yenyewe haikuwa hivi ilivyo.

La pili ndilo gumu zaidi. Sheria inalinda picha, hailindi mtindo. Simba yule aliyechorwa siku ile kwenye ubao ule analindwa. Namna ya kuchora simba, rangi za kung'aa, nukta, mraba, hivyo havina mwenyewe kisheria. Mtu yeyote popote anaweza kuchora kwa mtindo huo, akaweka kwenye kikombe, akauza. Kilichobaki ni jina, na hapo ndipo alama ya biashara inapoingia, ambayo ni habari ya kusajili nchi kwa nchi, kwa gharama.

Wachoraji walio hai wasikie hili: kazi yako ikitoka leo, weka sahihi, piga picha, andika tarehe, sajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mwenzako wa ng'ambo akikuletea mkataba, usitie saini siku hiyo hiyo. Kuuza picha ni jambo moja na kuuza ruhusa ya kuitoa nakala ni jambo jingine kabisa, na wengi wetu tumeuza yote mawili kwa bei ya moja.

Mchangiaji wa tatu

Hapo umegusa kidonda. Picha ya baba niliikuta imechapwa kwenye kadi za salamu, duka la ugenini, sahihi yake imekatwa pembeni. Aliiuza kama picha moja. Aliponiona nimekasirika aliniambia hajui hata aliyeinunua ni nani. Alifariki bila kuona hata kadi moja mkononi.

Mleta mada

Pole sana, dada. Na ahsante mkuu wa hakimiliki, naomba ujumbe wako wenye simu zao wauchukue wawapelekee wachoraji, maana wengi hawaingii humu.

Kuhusu familia ya mzee: mwanawe Daudi naye ni mchoraji, kwa hiyo mkono haujakatika nyumbani. Zaidi ya hapo sitaki kuingia kwenye mambo ya ndani ya watu.

Mchangiaji mmoja ameniandikia pembeni anauliza kama ile habari ya polisi ni ya kweli au ni simulizi ya mtaani. Ni ya kweli. Aliuawa na polisi mwaka 1972, hakuwa mhalifu. Nimeona watu wakiitaja haraka haraka kana kwamba ni kipande cha kunogesha hadithi. Mimi kinanikera. Mtu wa miaka 40, anatoka kazini Muhimbili, anachora usiku, ana watoto wadogo, ndiyo kwanza serikali imeanza kununua kazi zake. Tungemwacha aishi hata miaka ishirini zaidi, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa. Wanafunzi wake walipata jina kubwa kuliko lake yeye alipokuwa hai, na walistahili, lakini yeye hakuona.

Aliyeuliza pa kwenda: fika Oysterbay, barabara ya Haile Selassie, ulizia Morogoro Stores, ushirika uko hapo. Utawakuta watu wanachora mbele yako. Usinunue ya kwanza unayoiona. Kaa, tazama mkono wa kila mmoja, uliza nani aliyemfundisha. Watakutajia mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, na ukiendelea kuuliza utafika kwa Edward baada ya majina machache tu. Na ukinunua, iwe ya kuweka nyumbani kwako.

Ombi langu la mwisho kwa wanajamvi. Zile hadibodi za 1968 hadi 1972 nyingi ziliondoka na wageni, ziko makabatini Ulaya. Lakini haiwezekani zote ziwe zimeondoka. Kuna wazee waliofanya kazi Muhimbili naye, kuna majirani wa Msasani, kuna waliokuwa NDC. Kama babu au bibi yako ana ubao wa mraba wenye mnyama mmoja na sahihi ya E. S. Tingatinga, usiufute kwa maji ya sabuni na usimpe mtu anayepita mlangoni akisema atakununulia. Upige picha mbele na nyuma, pima urefu, andika aliupataje na mwaka gani, halafu weka hapa tuone.